Kiharusi kimemnyima kauli, utajuaje kama ana maumivu?

Unamuuliza mzee, “Baba, unasikia maumivu?” Anatikisa kichwa. Unamfunika shuka na kuondoka ukiwa na amani. Lakini kiharusi kikipiga upande wa kushoto wa ubongo, ambako kwa watu wengi ndiko lugha inakotawaliwa, mgonjwa anaweza kujibu “hapana” akimaanisha “ndiyo”, au asilielewe swali lenyewe.

Kwanza lijaribu jibu lake. Shika sufuria umuulize, “Hii ni kofia?” Akijibu sawasawa mara kadhaa, endelea na maswali mafupi, moja moja, huku ukigusa bega, tumbo, mguu. Mpe muda.

Akishindwa, tumia macho. Mtazame akiwa ametulia, kisha umtazame unapomgeuza, unapomwogesha au kumvalisha shati, maana maumivu mengi hujificha mpaka mwili usogezwe. Anakunja uso? (Angalia upande wa uso usiopooza, ule mwingine hautakuambia kitu.) Anaguna, anahema haraka, anakaza mwili, anasukuma mkono wako, anakataa chakula, halali? Wapo wanaoitwa wakorofi, kumbe wanaumia.

Anzia begani. Bega la upande uliopooza huuma mara nyingi kwa sababu misuli inayolishikilia imelegea, na nyumbani wengi huliumiza zaidi kwa kumnyanyua mgonjwa kwa kumvuta mkono au kumshika makwapa. Acheni kabisa. Akikaa au akilala, mkono huo uegemee mto. Kisha kagua matako na visigino kama kuna vidonda vya kulalia, kinywa, choo kigumu, na mpira wa mkojo kama umeziba.

Yapo pia maumivu yanayotokana na ubongo wenyewe uliojeruhiwa: shuka likimgusa tu, anashtuka kama ameunguzwa. Hapo Panadol mara nyingi haifui dafu, na kumwongezea vidonge ni hatari. Daktari ana dawa za aina nyingine.

Andika kwenye daftari: saa ngapi, ulikuwa unamfanyia nini, alionyesha dalili gani, nini kilimtuliza. Daktari humwona kwa dakika chache, wewe kutwa kucha.

Ila usisubiri tarehe ya kliniki iwapo ghafla anashika kichwa na kutapika, anazidi kusinzia, anapumua kwa shida au mguu mmoja umevimba. Mpeleke hospitali saa hiyohiyo, na daftari lako mkononi.