Baridi ya Julai ilinimalizia viazi, sasa tumezoeana

Julai ya kwanza baada ya kurudi nyumbani Londiani, niliona madoa machache kwenye majani ya viazi vyangu, kama yamemwagiwa maji moto. Ilikuwa Alhamisi jioni. Nikasema kesho. Kesho ikawa mvua, keshokutwa ukungu, na kufikia Jumatatu shamba lilikuwa jeusi na linanuka uozo. Robo ekari ya Shangi, kwisha. Hiyo ndiyo ilikuwa karo ya muhula wa tatu ya dada yangu mdogo.

Mimi ni yule jamaa aliyeacha chuo mwaka wa pili (hiyo stori tuiache kwanza). Watu hutoka kila pembe ya Kenya kuja hapa kwetu kusomea miti katika Chuo cha Misitu, nami nikatoka hapa kwenda Nairobi kusomea kompyuta, nikarudi bila cheti. Nikaamua nitalima. Shida ni kwamba mwalimu wangu alikuwa YouTube, na wengi wanaofundisha huko wanalima kwenye joto.

Sisi tuko takriban mita 2,300 juu ya usawa wa bahari. Ikweta iko hapo jirani tu, lakini kuanzia Juni hadi Agosti unaweza kuvaa jaketi hadi saa sita mchana. Mahindi yaliyopandwa Machi au Aprili bado ni ya kijani, na hayavunwi hadi mwaka unaelekea kuisha. Ukishuka upande wa Kericho, hata chai huchipuka polepole na wachumaji wanarudi na vikapu vyepesi. Kwa hivyo mfukoni ni kukavu kila upande. Kama kuna kitu cha kuuza, kitatoka kwa kale kashamba ka nyuma ya nyumba.

Aliyenifungua macho ni gogo jirani yetu. Alisimama kwenye ua, akaangalia ule uharibifu kwa muda, akasema, "Weri, ulivipanga kama viatu vya dukani."

Alimaanisha nilibananisha. Blaiti hupenda baridi na majani yaliyolowa, na mistari ikikaribiana upepo haupiti, majani hayakauki. Ni ugonjwa huo huo uliomaliza viazi vya Ireland kuanzia 1845, na watu karibu milioni moja wakafa kwa njaa na maradhi. Dawa nyingi za ukungu tunazonunua ni za kukinga, yaani unapuliza kabla hujaona doa, kisha unarudia jinsi pakiti inavyosema, mara nyingi kila siku 7 hadi 10 mvua ikiwa haikatiki. Mimi nilinunua yangu majani yakiwa tayari yameungua. Halafu kuna vile viazi vilivyosahaulika ardhini msimu uliopita vikajiotea vyenyewe. Mimi nilifurahia, nikidhani ni vya bure. Kumbe ndivyo huficha ugonjwa. Ng'oa.

Kosa la pili lilikuwa kufunika miche ya sukuma kwa nailoni usiku na mchana, eti naikinga na barafu. Gogo alicheka hadi akakaa chini. Baridi ya Julai ni ya mawingu na unyevu. Ile ya kuunguza majani alfajiri tunaiona zaidi kiangazi, Januari na Februari, usiku ambao anga iko wazi na hakuna wingu la kuzuia joto la ardhi lisipotee. Julai nailoni inafuga ukungu tu, na miche yangu ilikuwa imeoza mashina.

Siku hizi matuta yangu nayainua hadi karibu magotini na kuchimba mtaro kati yake, kwa sababu mizizi ikilala ndani ya maji mmea unageuka njano hata ukiupa mbolea gani. Samadi naianza mapema, Machi hivi, maana kwenye baridi inachelewa kuiva. Miche ya kabichi naipa wiki mbili zaidi kitaluni. Kumwagilia, kama kuna haja, ni asubuhi. Usiku natoka na tochi na kopo la maji ya chumvi kuokota konokono. Majirani wanadhani nimechizi.

Saga niliiacha hadi jua lirudi, hiyo ni mboga ya joto. Managu inavumilia. Lakini mfalme wa baridi ni minji, na dhania pia, ambayo kwenye joto hukimbilia kutoa maua lakini hapa inatulia ikijaza majani.

Mama ndiye alikuwa muuzaji wetu, pale Londiani Junction. Tangu ile ajali ya lori ya Juni 30, 2023, iliyoua zaidi ya watu 50, wengi wakiwa wachuuzi na abiria waliosimama tu kando ya barabara, hataki kukaa karibu na lami. Sikumbishii. Napeleka mafungu mwenyewe kwa boda hadi kwenye vibanda vya chakula mjini, na faida inapungua kwa nauli.

Mwaka jana dhania na minji zililipa zaidi ya nusu ya ile karo. Shule zinafunguliwa mwisho wa Agosti. Viazi nimepanda tena, mistari minne pekee, na leo asubuhi nimepiga dawa ya pili. Majani bado ni safi. Kesho naenda kuangalia tena, mvua inyeshe isinyeshe.