Mbele Kuna ya Mmoja? Hii Ndio Sababu Tuktuk Hulala Kwa Kona

Hii sauti unaijua. Ni saa moja jioni, mvua inanyesha, uko steji Kitengela na viatu vimejaa matope. Tuktuk inasimama. Nyuma watu wamejaa, lakini dere anakupigia kelele, "Ingia bro, mbele kuna ya mmoja!" Ni finje tu hadi kejani. Utakataa aje?

Mimi sikukataa. Nyuma kulikuwa na wanne, mbele tukabana wawili na dere katikati, mimi nikiwa upande wa kulia. Tulipokata kona ya kushoto kuingia mtaani, nduthi ikatokea mbele yetu. Dere akafinya breki. Gurudumu la nyuma la kushoto likainuka, na kabla mtu apige nduru, tuktuk ikalala upande wangu. Mungu saidia hakuna aliyekufa. Sukuma za mathe mmoja zilienda na maji, na mimi nikashonwa nyuzi sita kwa kiwiko.

Kitu iliniuma zaidi ni hii: mwezi huohuo nilikuwa nataka kuingia kwa hiyo biashara. Nilikuwa nimeacha chuo mwaka wa pili, na doo kidogo nilikuwa nimebaki nayo ilikuwa iende malipo ya kwanza ya tuktuk ya mkopo. Kwa hivyo kabla niweke sahihi mahali, nilienda kwa fundi mmoja wa tuktuk, mzee wa mikono nyeusi ya oili, nikamuuliza, "Mzee, hizi vitu ziliundwa vibaya ama?"

Akacheka. Akatoka kwa stuli yake ya miguu mitatu, akaniambia, "Kijana, kaa hapo."

Stuli inakufunza nini

Jaribu hii hata wewe ukienda kwa guka. Stuli ya miguu mitatu haitingiki. Iweke kwa mawe, iweke kwa matuta, miguu yote mitatu itagusa chini. Meza ya miguu minne ndio lazima uikunjie karatasi chini ya mguu mmoja. Kwa hivyo wale husema "magurudumu matatu haiwezi simama fiti" wanadanganya. Tatu inasimama poa sana.

Lakini sasa egemea upande, katikati ya miguu miwili. Hapo stuli inakutupa mbio. Mbona? Juu ukichora mstari kutoka mguu hadi mguu unapata pembetatu, na uzito wako ukitoka nje ya hiyo pembetatu, umeenda.

Tuktuk ni hiyo stuli ikiwa na injini. Gurudumu moja mbele, mawili nyuma. Gari ya kawaida inasimama kwa umbo la sanduku, upana wa mbele na wa nyuma ni karibu sawa. Tuktuk ni pana nyuma, halafu inazidi kuwa nyembamba ukielekea kwa dere. Uzito ukikaa nyuma, uko mahali pana na uko salama. Uzito ukisonga mbele, unakaribia ule ukingo. Kila kitu kingine kuhusu tuktuk kuanguka kinatoka hapo.

Waliounda hii kitu walijua. Ndio maana kwa tuktuk nyingi za petroli tunazopanda, injini imefichwa nyuma, na kiti cha abiria watatu kiko karibu na magurudumu ya nyuma. Mbele ni dere peke yake. Hiyo "ya mmoja" ambayo huwa inapatikana mbele haikuwa kwa mchoro wa mtu yeyote.

Vitu vitatu vinavyoangusha

Ya kwanza ni spidi. Ukikata kona, mwili wa tuktuk unataka kuendelea mbele moja kwa moja, ndio unahisi ukisukumwa kwa ukuta. Hiyo nguvu haiongezeki pole pole. Kona ileile, ukitoka 20 kwa saa ukaingia na 40, nguvu ya kukutupa nje haiwi mara mbili. Inakuwa mara nne. Dere anadhani ameongeza kidogo tu, kumbe amemaliza akiba yote.

Ya pili ni urefu. Gunia la viazi likiwa kwa sakafu, halina shida na mtu. Lifunge juu ya paa na umepandisha uzito wote juu, sasa mwinuko mdogo tu unatosha kuutoa nje ya pembetatu.

Ya tatu ndio ilinishonesha nyuzi: breki ndani ya kona. Ukifinya breki, uzito unaruka mbele, pale pembamba. Ukiwa unakata kona wakati huohuo, uzito unasukumwa nje pia. Mbele na nje kwa mpigo mmoja, na hapo ndio ukingo uko. Ongeza watu wawili waliokaa na dere, na uzito ulikuwa umeshasonga mbele hata kabla ya breki. Nduthi ilitushtua tu. Hiyo ajali tulikuwa tumeipanga sisi wenyewe pale steji.

Kwa nini wasiweke mawili mbele?

Swali poa, na kuna watu walifanya hivyo. Can-Am Spyder na Morgan ya Uingereza ziko na magurudumu mawili mbele na moja nyuma. Ukifinya breki kwa kona, uzito unaenda mahali pana. Lakini hapo unahitaji usukani wa kugeuza magurudumu mawili, na vyuma vingi zaidi. Gurudumu moja mbele na hendeli kama ya nduthi ni rahisi kuunda, rahisi kutengeneza, na inageuka mahali padogo sana.

Hii staili ilianza mbali. Mwaka wa 1948, kampuni ya Piaggio huko Italia ilitoa Ape, gari dogo la mizigo lililotokana na skuta ya Vespa. Vita vilikuwa vimeisha, watu hawakuwa na pesa ya lori, na walihitaji kitu cha kubeba mzigo kwa bei ya chini. Ni hesabu ileile ya Kitengela leo.

Na kama umewahi kuona ile klipu ya Jeremy Clarkson akiangusha Reliant Robin kila kona, punguza imani. Yeye mwenyewe alikubali baadaye kuwa gari lilichezewa ndio lianguke vizuri kwa kamera.

Sasa, ni ya kazi ama si ya kazi?

Ni ya kazi. Ukilinganisha na nduthi, tuktuk ina paa, haihitaji mtu kuishikilia ikisimama, na mathe anaweza kuingia na mtoto na mtungi wa gesi. Ukilinganisha na gari, inakunywa mafuta kidogo na inapita vichochoro ambavyo teksi haiwezi kugeuka.

Shida iko kwa barabara. Gari linaacha alama mbili chini, kwa hivyo dere anaweza kulipitisha shimo katikati. Tuktuk inaacha alama tatu. Ukiokoa yale ya nyuma, la mbele linaingia shimoni. Na magurudumu yake ni madogo, kwa hivyo kila shimo linahisi kama mtaro.

Kama unaenda kununua: funga breki kabla ya kona, halafu ingia ukiwa mpole. Mzigo uweke chini, nyuma. Usiweke keria juu ya paa. Pima upepo wa magurudumu ya nyuma, yawe sawa. Na chukua leseni ya A3, juu hiyo ndio ya magurudumu matatu.

Najua utaniambia nini. Wale wawili wa mbele ni soo kila safari, na soo ndio inabaki baada ya mafuta na pesa ya mwenye tuktuk. Ni ukweli, madere hawafanyi hivyo juu ya ujinga. Lakini tuktuk ikilala, ile soo inalipa kioo, inalipa hospitali, na wewe unakaa nyumbani wiki mbili bila kazi.

Mimi sikununua. Si uoga. Nilipiga hesabu ya abiria watatu pekee, nikaona mkopo haulipiki, na sikutaka kuwa yule wa kuita watu mbele.

Leo jioni dere akikuambia mbele kuna ya mmoja, mwambie utangoja inayokuja. Na ukipata tuktuk, kaa nyuma.