Mbwa Akiuma Mtu, Msimuue: Mfungeni Siku Kumi

Ndugu msomaji, unaposoma gazeti hili mbwa wako yuko wapi? Yuko uani? Yuko shambani na watoto? Au hujui? Wengi wetu tukiulizwa swali hili mchana tunajibu, "Atarudi jioni akisikia harufu ya ugali." Hata nyumbani kwetu tulikuwa na mbwa wa namna hiyo. Mchana alikuwa wa kijiji kizima. Usiku alikuwa wetu.

Leo tuzungumze juu ya mbwa na paka, na sheria za kuwatunza. Pengine utasema kwamba hayo ni mambo ya bwana mifugo, si ya mtu wa zahanati. Lakini mbwa akiuma, anayeletwa zahanati ni mtu. Ndiyo maana nami nina neno.

Jioni moja mama mmoja alifika zahanati akiwa na mtoto wake wa miaka saba mgongoni. Mtoto alikuwa ameumwa na mbwa mguuni, nyuma chini ya goti. Kidonda kilikuwa kimepakwa majivu na majani yaliyotwangwa. Niliuliza, "Mama, mbwa huyo ni wa nani?" Akajibu, "Hana mwenyewe." Mtoto akasema, "Ni Simba, mbwa wa babu." Mama akamwambia anyamaze.

Baadaye nilielewa. Babu huyo alikuwa baba mdogo wa mume wake. Katika kijiji kile ilikuwa imepitishwa sheria kwamba mbwa akiuma mtu, mwenye mbwa alipe faini na mbwa auawe. Mama hakutaka kumtia mzee wake hatiani. Mzee naye aliogopa faini. Usiku ule ule alimpiga mbwa rungu, akamtupa mtoni. Asubuhi mgambo walipopita kuuliza, hakuna aliyemjua Simba.

Sasa angalia hasara. Hatukuweza kujua kama mbwa yule alikuwa mgonjwa au mzima. Kwa hiyo ilitubidi tuhesabu kwamba alikuwa mgonjwa. Mtoto alipelekwa hospitali ya wilaya, akachomwa sindano zote bila kuruka hata moja. Mama aliuza mbuzi wawili kwa ajili ya nauli na matibabu. Mtoto ni mzima, anasoma. Lakini kama Simba angefungwa kamba siku kumi akabaki mzima, daktari angeweza kuzikatisha sindano njiani. Tena kama alikuwa mgonjwa kweli, je, aliwauma mbwa wangapi wengine kabla ya siku ile? Aliuma ndama wa nani? Hakuna aliyeuliza, maana mbwa "hakuwa na mwenyewe."

UGONJWA WENYEWE

Kichaa cha mbwa huletwa na kijidudu kidogo sana kisichoonekana kwa macho. Kijidudu hicho hukaa katika mate ya mnyama mgonjwa. Mnyama akiuma, mate huingia katika kidonda. Mate yakigusa mchubuko, jicho au ndani ya mdomo, pia ni hatari. Kijidudu husafiri polepole kwenye mishipa ya fahamu mpaka kwenye ubongo. Mara nyingi safari hiyo huchukua mwezi mmoja mpaka mitatu. Yaweza kuwa siku chache, yaweza kuwa mwaka na zaidi. Ndiyo maana watu hudanganyika. Kidonda kinapona, mtoto anacheza, wazazi wanasahau.

Kijidudu kikishafika kwenye ubongo, mgonjwa huona maumivu au mnyweo pale alipoumwa. Hupata homa, huhangaika, huogopa maji, huogopa hata upepo ukimpiga usoni. Akifika hapo, karibu kila mara hufa. Hatuna dawa ya kumponya, hapa wala katika hospitali kubwa. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba watu kama 59,000 hufa kwa ugonjwa huu kila mwaka, wengi wao katika Afrika na Asia. Karibu wote waliumwa na mbwa. Katika kila watu kumi wanaoumwa na wanyama wanaodhaniwa kuwa na kichaa, wanne ni watoto wa chini ya miaka 15.

Lakini kabla ya dalili hizo kuanza, ugonjwa huu unazuilika. Jambo hili limejulikana tangu Julai 1885. Mwaka huo Louis Pasteur, mtaalamu wa Ufaransa, alisimamia chanjo ya mtoto wa miaka tisa aitwaye Joseph Meister, aliyekuwa ameumwa vibaya na mbwa. Mtoto yule alipona, akakua, akawa mtu mzima.

Mbwa mwenye kichaa utamjuaje? Wengine wanajua yule mkali tu, anayekimbia ovyo na kuuma hata mawe na miti. Yuko na wa pili, mpole. Huyu hujificha gizani, hataki kula, sauti yake inabadilika, taya linalegea na udenda unatoka. Watu hudhani amekwamwa na mfupa kooni. Mwenye huruma humfungua kinywa na kuingiza mkono ili autoe. Ndugu msomaji, usifanye hivyo hata kidogo! Mwite bwana mifugo. Paka naye hupata kichaa, na hata mbuzi, ng'ombe, punda, mbweha na fisi. Nyama ya mnyama aliyekufa kwa ugonjwa huu hailiwi.

UKIUMWA

Osha kidonda papo hapo kwa sabuni na maji mengi yanayotiririka. Osha kwa dakika 15. Ni muda mrefu kuliko unavyofikiri. Mwenzako amimine maji, wewe sugua taratibu. Sabuni ya kufulia yatosha. Usipake majivu, pilipili, mafuta ya taa wala majani. Kisha njoo zahanati siku hiyo hiyo, hata kama mkwaruzo ni mdogo. Tutakuangalia, tutakupeleka panapopatikana chanjo, na tutaangalia pia kama unahitaji sindano ya pepopunda.

Wazee wengi husema sindano za mbwa huchomwa tumboni, tena ni nyingi sana. Zamani ilikuwa hivyo. Siku hizi huchomwa begani, nazo ni chache. Utaambiwa siku za kurudi. Usiruke siku hata moja kwa kuwa unajiona mzima.

KWA NINI SIKU KUMI

Mbwa au paka mwenye kichaa akianza kutoa kijidudu katika mate, huugua na kufa baada ya siku chache tu. Kwa hiyo aliyekuuma leo akiwa bado mzima baada ya siku kumi, mate yake hayakuwa na kijidudu siku ile. Mnyama aliye hai na amefungwa ndiye shahidi wetu. Aliyeuawa na kutupwa hasemi kitu.

Sindano lakini hazingoji siku kumi ziishe. Mtu huanza kuchomwa mara moja. Mnyama akibaki mzima, daktari ndiye atakayesema ziachwe.

Mbwa akiwa tayari ana dalili, au hashikiki, watoto waingizwe ndani na bwana mifugo aitwe upesi. Ikibidi auawe, asipigwe kichwani. Ubongo ndio unaopimwa. Tena asichunwe, wala asiguswe kwa mikono mitupu.

SHERIA INASEMA NINI

Nchini Tanzania tuna Sheria ya Magonjwa ya Wanyama, Namba 17 ya mwaka 2003, na Sheria ya Ustawi wa Wanyama, Namba 19 ya mwaka 2008. Sheria hii ya pili inakataza kumtesa mnyama. Kumfunga mbwa juani bila maji, kumnyima chakula, kumwagia maji ya moto, yote hayo ni mateso. Tena serikali ya kijiji inaweza kutunga sheria ndogo zake, zikakubaliwa na halmashauri ya wilaya. Uwezo huo umetoka katika sheria ya serikali za mitaa ya mwaka 1982.

Katika miji ya nchi nyingine ziko nyumba za serikali za kuwaweka mbwa na paka wasio na wenyewe. Sisi kijijini hatuna nyumba hiyo. Nyumba ya mbwa ni ua wako. Mbwa aliyeuma mtu afungwe kwako, mahali penye kivuli, mbali na watoto na mbwa wengine. Kamba iwe imara, imfikishe kwenye maji na mahali pa kulala. Mtu mmoja tu, mtu mzima, ampe chakula, akisukuma bakuli kwa fimbo. Paka awekwe ndani ya tenga lenye mfuniko au chumba kinachofungwa. Kila siku mwenye mnyama amtazame kama anakula na kunywa. Mabadiliko yoyote ayapeleke kwa bwana mifugo na kwetu. Hata mbwa aliyechanjwa afungwe hizo siku kumi.

Sasa niseme wazi ninavyoona juu ya faini. Sipingi faini. Mtu anayemwachia mbwa mkali azurure njiani watoto wanapokwenda shule anastahili kutozwa. Lakini sheria inayomtoza faini mtu aliyekuja mwenyewe kusema "mbwa wangu ameuma" inatuletea uongo. Nilipokwenda kumtembelea yule babu, alinikaribisha kigoda akaniambia, "Mwanangu, kama ningejua anayesema kweli hatozwi, ningemfunga Simba pale kwenye mwembe." Nilimjibu, "Shikamoo babu, hilo nitalisema." Nilikuwa nimesahau kumwamkia kwa ajili ya hamu ya kuuliza, naye akacheka.

Basi nalisema. Katika mkutano mkuu wa kijiji chenu, itazameni upya sheria ndogo yenu. Faini nzito iwe kwa anayeficha, anayemuua mbwa na kumtupa, na anayekataa chanjo. Anayetoa habari siku hiyo hiyo na kumfunga mbwa wake asitozwe. Asaidie nauli ya aliyeumwa, kama ujirani unavyotaka. Jambo hili mwaweza kulikataa. Lakini lizungumzeni kabla mtoto mwingine hajaumwa.

JE, TUWAUE WOTE?

Kila akitokea mbwa mwenye kichaa, yuko mtu husimama akisema, "Mbwa koko wote wapigwe." Hasira hiyo naielewa. Lakini wataalamu waliochunguza mbwa wa vijijini katika nchi yetu waliona kwamba wengi wana wenyewe, ingawa wanazurura. Ukianza kuwaua, watu huwaficha, au huwapeleka kwa shemeji kijiji cha pili, na ugonjwa husafiri nao. Waliokufa nafasi zao hujazwa na watoto wapya wasiochanjwa. Katika kisiwa cha Flores, nchi ya Indonesia, kichaa kiliingia mwaka 1997. Mbwa wengi sana waliuawa. Ugonjwa haukuisha.

Tazama Pemba. Kule mbwa walichanjwa kwa wingi, na kufikia mwaka 2014 kichaa kilikuwa kimekwisha. Mwaka 2016 kikaingia tena toka bara. Chanjo zikarudiwa, na mwaka 2018 kikakomeshwa mara ya pili. Kwa hiyo ukileta mbwa toka kijiji kingine, mchanje kwanza.

Kazi hii haitaki kila mbwa apatikane. Wakichanjwa mbwa saba katika kila kumi, ugonjwa hukosa njia ya kupita. Lakini mwakani wamezaliwa wengine, ndiyo maana chanjo hurudiwa. Usiwaache watoto wa mbwa nyumbani kwa kusema ni wadogo. Nao waletwe.

SIKU YA CHANJO

Tarehe 28 Septemba ni siku ya kichaa cha mbwa duniani, na mahali pengi chanjo hufanyika karibu na siku hiyo. Usingoje mpaka hapo kama kijiji chako hakijapata. Mwulize mtendaji wa kijiji au bwana mifugo lini watafika.

Mlete mbwa kwa kamba, si kwa kumwita. Aje na mtu mzima anayemjua na anayeweza kumshika. Watoto hupenda kazi hii, lakini mbwa kumi wakikutana mahali pamoja hugombana, na mtoto hawezi kumzuia. Ukifika, simama mbali na wenzako. Paka mtie katika gunia linalopitisha hewa au kapu lenye mfuniko, usimfungue mpaka uambiwe.

Utapewa cheti. Kiweke pasipovuja, pamoja na kadi za kliniki za watoto. Siku mtu akija kwangu akisema ameumwa na mbwa wako, nitamtuma mtu nyumbani kwako kukiomba, naye atatazama pia kama mbwa amefungwa.