Kuvua nguo ziwani: Mpaka usiogongwa muhuri

Na Mwandishi Wetu, Bujumbura

NI Jumapili, saa kumi na mbili asubuhi. Waumini wameshatoka msikitini na gereji za Buyenzi bado zimefungwa. Wanaume sita wamesimama kwenye kona ya mtaa, kila mmoja na begi dogo lenye shuka, sabuni na kandambili. Wanne ni wenyeji, mafundi wa magari na wauza vipuri. Wawili ni wageni waliokuja kwa biashara, mmoja kutoka Kigoma na mwingine kutoka Uvira. Safari ni ya miguu hadi Ziwa Tanganyika, kuogelea na kupunga upepo kabla jua halijawa kali. Mwandishi wa makala haya alikuwa wa saba.

Tulipofika majini, kijana wa Uvira alivua kila kitu, akaacha nguo juu ya jiwe na kuanza kukimbilia ziwani. Mzee wa msafara, fundi wa injini ambaye mtaani wote humwita Baba, alimfuata na shuka mkononi.

"Mwanangu, jifunge kwanza."

"Baba, si tuko wanaume peke yetu?"

Mzee hakujibu. Alimwonyesha kwa kidevu tu. Hatua kama mia hivi kutoka pale, wanawake wawili walikuwa wakishuka na ndoo kuteka maji. Kijana akaichukua shuka, akajifunga kiunoni, akaingia ziwani akicheka kwa aibu.

Tukio lenyewe halikuchukua dakika mbili. Lakini kwa msomaji ambaye riziki yake iko ng'ambo ya mpaka, lina somo. Hati ya kusafiria hugongwa muhuri, cheti cha asili ya bidhaa hugongwa muhuri. Mpaka wa staha hauna muhuri wala bango, na ukiuvuka bila kujua, gharama yake ni wewe utakayeilipa.

Raha isiyo na tiketi

Buyenzi ni mtaa wa Waswahili wa Bujumbura. Uko kando ya mto Ntahangwa, mitaa yake inaitwa kwa namba, na lugha ya barazani ni Kiswahili. Familia nyingi zina asili ya Ujiji, Manyema na sehemu nyingine za mashariki ya Kongo. Soko lake la Ruvumera linajulikana kwa wafanyabiashara wa nchi zote za jirani, hasa tangu Soko Kuu la Bujumbura lilipoteketea Januari 27, 2013 na wachuuzi wengi kutawanyika kwenye masoko ya mitaani.

Watu hawa wamelelewa na ziwa. Tanganyika lina urefu wa kilomita 673, kina chake kinafika karibu mita 1,470, na linagawanywa na nchi nne: Burundi, Tanzania, Kongo na Zambia. Kwa wenyeji ziwa ni barabara na ni jiko, na siku ya Jumapili linakuwa mahali pa kuupumzisha mwili. Mtu aliyelala siku mbili juu ya magunia akisubiri karatasi zake zikamilike Kobero anajua maji haya yanavyoufungua mgongo. Asubuhi, ukungu ukishatoweka, milima ya Mitumba upande wa Kongo inaonekana kana kwamba unaweza kuifikia kwa kuogelea. Hakuna kiingilio, na kwa muda wa saa moja hakuna anayeuliza bei ya chochote.

Raha hiyo ina taratibu zake. Watoto wa kiume hawahesabiwi. Wanapiga mbizi uchi kwenye Ntahangwa na ziwani, na hakuna anayegeuza shingo. Sauti ikishaanza kuwa nzito, mama humkabidhi kijana kaptula bila maelezo mengi. Mwanaume mzima huoga na shuka au bukta, kwa kuwa wanazuoni wengi wa Kiislamu hufundisha kwamba sitara ya mwanaume ni kitovu hadi goti, hata mbele ya wanaume wenzake.

Kwingine ziwani utakuta desturi nyingine. Mgeni wetu wa Kigoma alisimulia kwamba katika vijiji vya wavuvi anavyovijua, wanaume wana upande wao na wanawake wana upande wao, na kila upande watu huvua na kuoga bila wasiwasi. Anayekosea njia hupigiwa kelele kutoka mbali ageuke. Kinachoamua ni mahali, saa na nani atakuona. Uchi uleule ambao nyuma ya mwamba ni usafi tu, ukisogea hatua mia huwa matusi.

"Naoga kama mwizi"

Jumatatu nilikwenda Ruvumera kumtafuta mtu wa upande wa pili. Muuza vitenge mmoja, mama wa watoto wanne ambaye hufuata mzigo Kigoma na Kalemie, alinisikiliza nikimweleza habari ya wanaume sita na shuka zao. Alicheka kwanza, kisha akanyamaza.

Alizaliwa Rumonge, ufukweni kabisa, na alijua kuogelea kabla hajajua kusoma. Tangu alipoolewa hajawahi kuogelea mchana. Boti ikitia nanga usiku mahali pasipo na bafu, wanawake hushuka kwa kundi kabla ya alfajiri, mmoja akishikilia khanga kama pazia na mwingine akilinda mizigo. Wanajimwagia maji haraka haraka na kurudi.

"Kaka yangu, mimi naoga kama mwizi. Na maji haya ndiyo yaliyonilea."

Nilimtajia fukwe zenye hoteli na baa upande wa barabara iendayo Gatumba. Alisema anazijua. Kule utaagiza kinywaji, utakaa katikati ya walevi, na utaogelea watu wakikutazama. Anachotaka ni kipande cha ufukwe chenye uzio wa mabati, bafu la kulipia na saa mbili kwa wiki ambazo ni za wanawake tu. Yuko tayari kulipa.

Ombi hilo si la starehe peke yake. Anayeoga gizani hawezi kuona kilicho mbele yake, na kwenye ziwa hili vipo vya kuogopa. Viboko huonekana jioni hadi karibu na mji. Mamba wapo, na yule mkubwa aliyepewa jina la Gustave, anayekadiriwa kuwa na urefu wa zaidi ya mita 6, ametangaza sifa mbaya ya mto Rusizi na ufukwe wa kaskazini hadi nje ya bara hili. Penye majani na maji yaliyotulia kuna konokono wanaoeneza kichocho. Na mji unapokuwa na kipindupindu, maji ya ufukweni si ya kuyaamini.

Wanaovua kwa hiari

Wakati mama huyu anatafuta mahali pa kujisitiri, Ulaya wapo watu wanaotafuta mahali pa kuvua. Ujerumani ina desturi ya zaidi ya karne moja ya kuoga na kupumzika uchi kwenye maziwa na misitu, familia kwa familia. Mwaka 2010, katika milima ya Harz, ilifunguliwa njia ya kilomita 18 kwa wanaopenda kutembea porini bila nguo. Mwanzoni mwake lipo bango linalomwambia asiyetaka kukutana na watu walio uchi kwamba asiendelee mbele.

Hata huko, si kila mlima una njia ya namna hiyo. Katika jimbo la Appenzell Innerrhoden nchini Uswisi, wananchi walipiga kura mwaka 2009 kupiga marufuku kutembea uchi milimani, faini ikiwa faranga 200. Mwaka 2011 Mahakama Kuu ya nchi hiyo iliikubali faini aliyotozwa mtembezi mmoja katika jimbo jirani. Muingereza Stephen Gough, aliyetembea kutoka kusini-magharibi mwa Uingereza hadi ncha ya Uskoti akiwa na viatu, kofia na mzigo mgongoni tu, alifungwa mara nyingi. Oktoba 2014 Mahakama ya Haki za Binadamu ya Ulaya ilikataa malalamiko yake.

Nilipowasimulia wanaume wa Buyenzi habari hizi, waliguna. Mzee peke yake ndiye aliyeshika jambo la bango. Alisema watu hao wamefanya la maana: waliomo wanajua, na wasiotaka wanajua. Wenye kuoga wakiwa na mahali pao panapofahamika, mzozo hupungua.

Kwenye nchi zetu mahali hapo mara nyingi hapajulikani, na sheria haimtetei anayekosea. Sheria ya jinai ya Burundi, kama za majirani, huadhibu kitendo cha kuvunja staha hadharani. Hatari nyingine ni watu kujichukulia sheria mkononi. Nairobi, Novemba 2014, mamia ya wanawake waliandamana baada ya mwenzao kuvuliwa nguo na wanaume kituoni kwa madai kwamba amevaa vibaya. Uganda sheria ya mwaka huohuo dhidi ya ponografia ilitumiwa na watu mitaani kama kisingizio cha kuwadhalilisha wanawake waliovaa sketi fupi, hadi Mahakama ya Katiba ilipofuta baadhi ya vifungu vyake mwaka 2021. Zanzibar, wageni huombwa wafunike miili yao wanapotoka ufukweni kuingia mjini.

Hata kukimbia kuliwahi kukatazwa

Asiyependa maji hupanda mlima. Kutoka Buyenzi unakwenda mashariki, unapita mjini, kisha unaanza kupanda kuelekea Kiriri, au Vugizo kwenye kaburi la Mwanamfalme Louis Rwagasore. Ukiwa juu unauona mji wote na ziwa nyuma yake. Jumamosi na Jumapili vijana hupanda wakiimba. Kwa wengi miguu si mazoezi tena. Uhaba wa mafuta umewafanya watembee hata siku wasiyotaka.

Huku nako kuna mipaka. Machi 2014, baada ya vijana wa chama cha upinzani waliokuwa wakikimbia kwa kundi kupambana na polisi, kukimbia kwa makundi katika mitaa ya Bujumbura kulipigwa marufuku, na wanamichezo wakaelekezwa kwenye viwanja vilivyotajwa. Kwa hiyo mgeni anayetaka kupanda na wenzake asione aibu kuuliza wenyeji wa mtaa kwanza.

Ushauri wa watembezi wa Buyenzi kwa mfanyabiashara ni mfupi. Beba shuka au khanga katika kila safari. Uliza upande wa wanaume na wa wanawake kabla ya kugusa kifungo cha shati. Oga kukiwa na mwanga, penye watu, mbali na majani. Acha simu mfukoni, kwa sababu picha iliyopigwa mahali watu wanapooga inaweza kuzua ugomvi ambao nauli yako ya kurudi haitatosha kuumaliza.

Jumapili iliyofuata nilirudi na wale wanaume, nikawafikishia maneno ya muuza vitenge. Walibishana njia nzima. Mmoja alisema uzio utageuka mradi wa wakubwa. Mwingine aliuliza nani atalinda. Mzee aliwaacha wamalize, kisha akasema kwamba wao huwa wameshaondoka saa mbili. Kuanzia hapo wangeweza kuwaachia wake zao na dada zao, na kukaa barabarani kuzuia watu. Hakuna aliyekubali, na hakuna aliyekataa.

Kijana wa Uvira, aliyekuwa na safari ya Rumonge Jumatano, alianza kuikunja shuka airudishe. Mzee akamzuia mkono.

"Kaa nayo, mwanangu. Huko hutanikuta."