Habari za Mawe Kupinda na Kupasuka

Mtu akitaka kusifu ugumu wa kitu husema, "Ni kama jiwe." Walakini jiwe nalo lina mshindi wake. Apitaye katika milima ya Usambara au Uluguru, akiutazama mwamba uliokatwa, huweza kuona mistari myeupe na myeusi iliyojikunja kama mkeka uliosukumwa ukutani. Naye asimamaye ukingoni mwa Bonde la Ufa huona nchi imekatika ghafula, nusu iko juu na nusu iko chini. Leo twapenda kuwaeleza wasomaji wetu kwa nini jiwe hupinda mahali pamoja na kuvunjika mahali pengine, kwani jambo hili lahusu hata nyumba tulalamo.

Gamba la dunia si kitu kimoja. Limegawanyika katika vipande vikubwa mno, navyo huenda polepole, milimita chache au sentimita kadha wa kadha kwa mwaka. Kwa mwendo huo mawe hupatwa na nguvu za namna tatu. Ya kwanza ni kusukumana: mawe hufupika, hujikunja na kuinuka. Ndivyo ilivyoinuka milima ya Himalaya, ambako Bara Hindi lasukuma Asia. Hata kileleni mwa Everest kuna mawe yenye mabaki ya viumbe vya baharini. Ya pili ni kuvutana: nchi hutanuka, hupasuka, na sehemu yake hushuka. Ya tatu ni kupishana: upande mmoja huenda huku, wa pili huenda kule, na kati yao mawe husuguana.

Basi jiwe lile lile lawezaje kupinda hapa na kuvunjika pale? Tumwangalie mhunzi. Hapigi chuma kikiwa baridi. Hukitia motoni kwanza, kikiwa chekundu hukipinda apendavyo. Ndani ya nchi, kila uendapo chini kilometa moja, aghalabu joto huongezeka digrii 25 au 30. Kwa hiyo mawe yaliyo chini kilometa 20 yamepata joto kali, tena yamebanwa pande zote na uzito wa mawe yaliyo juu yao. Hayayeyuki, wala hayana nafasi ya kupasuka. Hujongea polepole kama nta iliyopata moto, kwa muda wa miaka elfu nyingi. Wahenga walisema, "Samaki mkunje angali mbichi." Mistari ile ya Usambara na Uluguru ilikunjwa hivyo, chini sana, zaidi ya miaka milioni 500 iliyopita. Baadaye mvua na mito ililiwa mawe ya juu kidogo kidogo, hata yale ya chini yakapanda na kuonekana.

Karibu na uso wa nchi mambo ni mengine, kwa kuwa huko jiwe ni baridi. Likisukumwa au likivutwa, hupinda kidogo mno, mfano wa upinde uliovutwa, nalo huiweka nguvu ile ndani yake. Haba na haba hujaza kibaba. Hupita miaka mia, pengine elfu, kisha siku moja jiwe hushindwa; pande mbili za ufa huteleza kwa nukta chache, na nguvu yote iliyowekwa hutoka kwa mara moja. Hilo ndilo tetemeko la nchi.

Katika nchi zetu nguvu iliyo kubwa ni ile ya kuvutana. Panga magunia matatu ya mahindi yabanane, la katikati likishikwa na wenziwe bila kugusa chini. Ukiyavuta yale mawili ya pembeni, la katikati hushuka. Bonde la Ufa lilishuka kwa namna hiyo. Ziwa Tanganyika limo katika mshuko kama huo: kina chake chafika karibu mita 1,470, na sakafu yake iko chini ya usawa wa bahari kwa karibu mita 700.

Kazi hiyo haijaisha. Tarehe 6 Januari 1928, huko Subukia katika Kenya, nchi ilitetemeka kwa nguvu. Ufa ukaonekana juu ya ardhi kwa urefu wa zaidi ya kilometa 30, na mahali pengine upande mmoja ukashuka zaidi ya mita 2. Tarehe 10 Septemba 2016 zamu ilikuwa ya Bukoba. Watu zaidi ya 15 walikufa, na nyumba nyingi zikabomoka.

Hapa twawaomba wazee na waalimu watusikilize. Tetemeko halitumwi na jirani, wala asitafutwe mtu wa kulaumiwa. Pia hakuna mtaalamu awezaye kutaja siku wala saa yake. Atakayewaletea habari hizo msimwamini. Tena aghalabu nchi yenyewe haiui. Waua ni ukuta na paa. Matofali yaliyoshikwa kwa udongo dhaifu huachana upesi. Yafaa nyumba ijengwe kwa matofali yaliyofungamana vema penye pembe, ifungwe juu kwa mkanda wa zege wenye nondo, na paa liwe jepesi. Kiwanja kisichaguliwe chini ya mteremko mkali, maana tetemeko huporomosha udongo na mawe. Ukuta wenye ufa utengenezwe mapema. Usipoziba ufa, utajenga ukuta.

Watoto shuleni nao wafundishwe. Nchi ikitetemeka wasisukumane mlangoni. Waingie chini ya meza iliyo imara, wakinge vichwa vyao, na kukaa mbali na madirisha. Aliye nje abaki nje, mbali na kuta. Nchi ikitulia watoke kwa taratibu, wala wasirudi upesi ndani ya nyumba iliyopasuka, kwa kuwa mara nyingi tetemeko kubwa hufuatwa na mengine madogo, nayo huangusha kilichokwisha legea.