NCHI JIRANI: Zambia na Mtoto Aliyekataa Kuimba

Sisi wafanyakazi huamka alfajiri kwenda kiwandani au shambani, na watoto wetu tunawaacha mikononi mwa walimu. Basi maneno wanayolazimishwa kutamka mstarini mbele ya bendera yanatuhusu. Tutazame jirani zetu wa Zambia, ambako jambo hili lilifika mahakamani mapema.

Zambia ilipata uhuru tarehe 24 Oktoba, 1964. Mwaka 1966 serikali ilitoa kanuni kwamba wanafunzi waimbe wimbo wa Taifa na kuipigia bendera saluti. Huko Mufulira, mji wa migodi ya shaba, msichana mmoja wa shule ya msingi alikataa. Alikuwa wa Mashahidi wa Yehova. Kwake kuimba vile kulikuwa ni ibada, na ibada ni ya Mungu peke yake. Akasimamishwa shule. Baba yake akaenda mahakamani kwa niaba yake, katika shauri lijulikanalo kama kesi ya Kachasu.

Mwaka 1967 Jaji Mkuu Blagden alikubali kwamba mtoto yule anaamini kwa dhati, na kwamba anazuiwa uhuru wake wa dhamiri. Hata hivyo mtoto alishindwa. Mahakama iliona kanuni zile zinahitajika kwa usalama wa Taifa.

Tusiwe wepesi kulaumu. Novemba 1965 walowezi wa Rhodesia walikuwa wamejitangazia uhuru wao wa kibaguzi. Angola na Msumbiji zilikuwa bado mikononi mwa Mreno. Taifa changa lenye makabila zaidi ya 70 lilikuwa na haki ya kuhofia mgawanyiko.

Lakini tunauliza: kimya cha mtoto mmoja kilimsaidia nini adui? Marekani, mwaka 1943, katikati ya vita kuu, Mahakama Kuu ya nchi ile iliamua kwamba mwanafunzi asilazimishwe kuisalimu bendera wala kutamka kiapo. Na hapa kwetu Tanzania, mwaka 2013, Mahakama ya Rufani iliwapa haki wanafunzi waliofukuzwa shule kwa sababu ya kutoimba wimbo wa Taifa.

Sisi tunaijua heshima ya kulazimishwa. Katika mashamba ya mkonge wakati wa mkoloni, kila mtu alimwitikia mnyapara "ndiyo, bwana", wala hakuna aliyempenda. Katika chama chetu pia, aliyejiunga kwa hiari ndiye anayesimama imara siku ya dhiki.

Kwa hiyo rai yetu ni hii. Wimbo wa Taifa ufundishwe, na maana yake ielezwe. Bendera iheshimiwe na wote. Ambaye imani yake inamkataza kuimba, asimame kimya kwa adabu, kisha aingie darasani na wenzake. Kumfukuza hakumfanyi mzalendo. Kunaliongezea Taifa mtu mmoja asiye na elimu.