Magazeti Uingereza: gharama zinaishia mlangoni kwa mwenye duka

Kuporomoka kwa mauzo ya magazeti Uingereza huelezwa kwa sababu moja, nayo ni simu ya mkononi. Sababu hiyo ina uzito. Tathmini iliyoagizwa na serikali na kutolewa Februari 2019 ilionyesha kwamba katika muda wa miaka kumi mauzo ya nakala zilizochapishwa yalishuka kwa karibu nusu, na mapato ya matangazo ya kuchapishwa kwa asilimia 69. Matangazo ya nyumba, magari na kazi, yaliyokuwa yakilisha magazeti ya mikoani, yalihamia mtandaoni na hayakurudi. Lakini simu inaeleza tu kwa nini msomaji anaondoka. Haielezi kwa nini hata anayetaka kubaki anapata taabu kulipata gazeti lake asubuhi, na hapo ndipo biashara hii inapojiumiza yenyewe.

Mwenye duka mmoja wa Leicester, aliyeomba asitajwe jina, haanzi na simu anapolalamika. Anaanza na ada ya usafirishaji. Kila wiki msambazaji wa jumla humtoza kwa kumletea mzigo, na kwa kuwa ada hupangwa kwa viwango vya mauzo, duka kubwa hulipa pauni nyingi zaidi ilhali duka dogo hutoa sehemu kubwa zaidi ya kipato chake. Hawezi kuhama, maana sehemu kubwa ya nchi imegawanywa kati ya wasambazaji wawili, kila mmoja na eneo lake. Kisha wachapishaji: bei ya gazeti inapopanda, mara nyingi hupunguza asilimia anayobaki nayo muuzaji, hivyo mteja analipa zaidi na duka halioni tofauti kubwa. Vifurushi huja pungufu au vimechelewa. Majarida ya nyongeza ya mwisho wa wiki anayachomeka yeye mwenyewe ndani ya kila nakala, bila malipo ya maana, kabla hakujapambazuka. Wanaopeleka magazeti majumbani ni watoto wa kuanzia miaka 13, na sheria hairuhusu waanze kazi kabla ya saa 1 asubuhi. Lori likichelewa, watoto wanakwenda shule na magazeti yanabaki dukani. Nakala zilizododa hurudishwa na kufidiwa, anakiri, ila hakuna anayemfidia mteja aliyekata tamaa.

Malalamiko haya yana historia inayogusa hata Afrika Mashariki. Baadhi ya Waasia waliotoka Kenya mwishoni mwa miaka ya 1960, na Uganda walikofukuzwa mwaka 1972, waliingia kwenye maduka ya magazeti kwa sababu yalihitaji mtaji mdogo na saa nyingi za kazi ya familia. Kwa miongo kadhaa saa hizo ambazo hakuna aliyezilipa ndizo zilizoibeba biashara. Watoto wao wengi wamesoma na kwenda kwenye kazi nyingine, na si jambo la kushangaza.

Wachapishaji hujibu kwamba gazeti humleta mteja anayenunua pia maziwa na mkate. Ni kweli, lakini duka nalo humletea mchapishaji msomaji, na halimtozi ada kwa hilo. Wasambazaji wana hoja nzito zaidi: lori hupita barabara ileile likiwa limebeba nakala mia au ishirini, na gharama ya kila nakala inapanda. Hiyo ni sababu ya pande tatu kugawana mzigo. Haihalalishi kuusukuma wote hadi kwa wa mwisho. Atakayesema mauzo yangeshuka vyovyote vile hakosei, ila kasi ya kushuka si kitu kidogo. Mzee ambaye duka la mtaani kwake limeacha kuuza magazeti si lazima ajiandikishe mtandaoni; huenda akaacha kununua kabisa.

Ofisa mmoja wa masuala ya habari ana takwimu anayoipenda: mwaka 2024 asilimia 71 ya watu wazima walipata habari mtandaoni, dhidi ya 70 kwa televisheni, kwa hiyo hamu ya habari ipo. Takwimu ni sahihi, hitimisho lina mashaka. Kuona kichwa cha habari kikipita kwenye kioo cha simu hakulipi mshahara wa mwandishi, na tathmini ileile ya 2019 ilikadiria kwamba wanahabari walio mstari wa mbele wamepungua kutoka 23,000 mwaka 2007 hadi 17,000. Serikali hujivunia pia kuondoa VAT kwenye matoleo ya mtandaoni tangu Mei 2020. Nafuu hiyo ilikwenda kwa wachapishaji. Mwenye duka hauzi matoleo hayo.

Huenda mauzo ya Jumamosi na Jumapili yakaendelea kuzifanya baadhi ya njia za usambazaji zilipe kwa miaka kadhaa. Siku za katikati ya wiki zina hatari zaidi, hasa vijijini. Bei ya gazeti karibu hakika itapanda tena, na kitakachowaambia wenye maduka wabaki au waache ni asilimia watakayoachiwa siku hiyo.